Kuku Aliyeandikwa Daftarini

Nianze na lile ambalo watu wa Bustani hawapendi kulisikia. Kati yetu sisi sita tuliofundishwa kulea bata, aliyeijua kazi alikuwa mmoja tu, na huyo ndiye aliyefukuzwa. Anaitwa Nasambu. Kazini tulimwita Mama Tobias, kwa jina la kifungua mimba wake. Mimi ni Lydiah, wa Donholm, mwenye diploma, na siku hizi mwenye cheti kilichotiwa fremu, ambacho mama yangu amekitundika sebuleni juu ya televisheni. Kila nikikiona naona aibu.

Bustani yenyewe ni hifadhi ndogo ya wanyama kule Njiru, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Mawe yalipokwisha, mvua ilijaza mashimo, na tajiri mmoja akaona kwamba shimo lenye maji nalo ni mali. Alizungusha ukuta, akaleta kobe, mbuni wawili, nyani mmoja mwenye hasira na bata wa kila aina, kisha akafungulia watoto wa shule lango. Miongoni mwa bata hao wamo wekundu wenye mdomo wa buluu. Ni bata wa maziwa yetu wenyewe, na sasa wamekuwa wa nadra. Kila mwaka majike walitaga na kila mwaka mayai yakaoza, kwa sababu sisi watunzaji tulijua kufagia na kumwaga chakula, basi. Ndipo tajiri akakubali kuleta mafunzo.

Mama Tobias alikuwa amesafisha mabwawa yale miaka minne kama kibarua. Kabla ya hapo alikuwa amesimama miaka kumi na mmoja kwenye mageti ya viwanda vya Industrial Area, kila alfajiri, akingoja kidole cha supavaiza kimwangukie. Siku nyingine kilimwangukia jirani yake, naye akarudi Mukuru kwa Reuben na mfuko wake wa chakula ukiwa haujafunguliwa. Mafunzo yalikuwa ya wiki tisa, na watatu bora waliahidiwa barua ya kazi ya kudumu. Aliniambia waziwazi anachokitafuta.

"Mimi sitafuti ukubwa, Lydiah. Nataka tu nisirudi kwa geti."

Mwalimu wetu alikuwa Daktari Kiilu, daktari wa mifugo, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza alitugawia fomu. Ilisema kwamba anayetunza ndege wa hifadhi haruhusiwi kufuga ndege wowote nyumbani, kwa kuwa ugonjwa husafiri kwenye viatu na nguo. Sheria nzuri, na kwangu ilikuwa rahisi. Sisi wa Donholm tunakula kuku, hatuwafugi. Lakini Mama Tobias alikuwa na bata kumi na wanne nyuma ya nyumba yake ya mabati, kando ya mto, na hao bata ndio waliomsomesha Tobias hadi kidato cha nne. Aliitazama fomu ile muda mrefu, akaikunja, akaomba aende nayo nyumbani. Jumatatu iliyofuata aliirudisha ikiwa na sahihi. Wiki hiyo nzima Reuben walikula bata.

Basi tukafundishwa. Tulifundishwa kutoosha yai, kutojipaka mafuta yenye manukato, kuligeuza yai mara tano kwa siku na kulitia alama ya penseli kila upande ili tujue limelalaje. Tulifundishwa kulimulika kwa tochi ndani ya chumba chenye pazia zito, tukatazama mishipa myekundu ikijitandaza ndani. Mimi niliyaandika yote. Mama Tobias hakuandika. Alichukua yai, akaliweka juu ya kope la jicho lake lililofumba, akatulia kidogo, akasema, "Hii imezidi moto kidogo." Kijana mmoja wa darasa letu, Ryan wa Umoja, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mathe, hiyo jicho iko na digrii ngapi?"

Daktari Kiilu hakucheka. Aliangalia kipimajoto cha mashine ya kutotoa, akakitikisa, akaleta kingine. Mashine ilikuwa imezidi moto, kidogo, vilevile alivyosema. Tangu siku hiyo, kila tulipomaliza somo la Daktari, tulikwenda kwa Mama Tobias kuuliza limesema nini. Alitueleza kwamba mama yake kule Bungoma aliwaatamishia kuku mayai ya bata, akayachora msalaba wa mkaa upande mmoja, na siku za mwisho akayanyunyizia maji ya uvuguvugu kwa vidole, kwa sababu bata hurudi kiotani kifua kikiwa kimelowa lakini kuku hana kifua cha maji. Daktari alisema ndivyo vitabu vinavyosema, ila vitabu vinasema kwa maneno mengi zaidi.

Katika mitihani ya mikono Mama Tobias alikuwa wa kwanza mara zote. Mimi nilikuwa wa nne. Nafasi zilikuwa tatu, na naomba hilo likumbukwe.

Wiki ya sita, Jumamosi, saa nne asubuhi, transfoma ya mtaa ililipuka kwa kishindo kilichowashtua nyani na mbuni. Mashine ikanyamaza. Ndani yake mlikuwa na mayai tisa ya bata wekundu, yakiwa siku ya kumi na tisa, na zilibaki siku saba yaanguliwe. Ryan alikimbilia jenereta, akavuta kamba mara ishirini. Haikuwa na tone la mafuta. Nilimpigia simu meneja wetu, Mbugua, nikamsikia akitafuna kitu.

"Mafuta iko kwa bajeti ya wiki ijayo," alisema. "Funikeni na blanketi, stima itarudi."

Daktari Kiilu alikuwa Machakos kwa mazishi. Tulifunika mashine kwa masweta yetu. Kufika saa tano na nusu Mama Tobias alifungua, akaweka yai juu ya kope, akaliweka lingine, akayarudisha yote taratibu. Alisema yamepoa lakini hayajafa, na kwamba yangeweza kungoja hadi alasiri, si zaidi. Kisha akavua aproni.

"Mniangalilie hapa. Ninarudi."

Alirudi saa saba na nusu juu ya bodaboda, akiwa amekumbatia katoni iliyofunikwa leso. Alipoifunua mle chumbani tuliona kuku, mtetea wa kienyeji mwenye madoadoa meusi, amejikunyata, macho makali, kipande cha uzi mguuni.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," Ryan akasema. Wote tulikuwa tumesaini fomu ile, na wote tulielewa tunachokiona.

Mama Tobias hakutuangalia. Alitandika nyasi kavu ndani ya katoni, akaingiza mayai moja moja chini ya kuku, huku akimsemesha Kibukusu kwa sauti ya chini. Kuku alidonoa mkono wake mara mbili, akajitingisha, akajitanua juu ya mayai, akatulia. Hapo ndipo Mama Tobias alipokaa chini na kunieleza.

Kwao mtoto wa kike akienda kuwasalimia wazazi hafungi safari ya kurudi mikono mitupu. Hufungiwa kuku, na kuku huyo hachinjwi wala hauzwi, ni wa kuzaa. Huyu mama yake alimpa mara ya mwisho walipoonana. Miezi mitatu baadaye mama akafariki.

"Bata niliuza wote, kama vile fomu ilisema," alisema. "Huyu nilishindwa. Nikamweka chini ya kitanda, nikasaini."

"Na alikuwa ameatamia mayai yake?"

"Kumi."

"Sasa yatakuwaje?"

"Yatakufa." Alijipangusa mikono kwenye leso. "Hayo ni ya kuku, Lydiah. Kuku wako kila mahali. Hawa si Dakitari alisema wamebaki wachache?"

Nilimpenda sana siku ile. Nasema hivi ili mnielewe, kwa sababu nilichokifanya baadaye nilikifanya kwa mapenzi, na ni mimi niliyemchimbia shimo.

Tulikuwa na daftari kubwa la jalada jeusi, na Daktari Kiilu alikuwa na msemo wake kuhusu daftari hilo: kisichoandikwa hakikutokea. Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Saa kumi na moja jioni, kabla sijaenda nyumbani, niliandika kwamba stima imepotea saa nne, kwamba jenereta haina mafuta, na kwamba saa saba na nusu Nasambu ameleta kuku wake anayeatamia kutoka nyumbani kwake Mukuru kwa Reuben, na mayai yote tisa yako hai chini yake. Niliandika jina lake kwa herufi kubwa. Nilidhani ninamwandikia alama. Nilidhani wanaotoa vyeti watausoma ukurasa ule na kusema, huyu mama apewe barua leo hii.

Jumatatu Mbugua aliniita ofisini, daftari likiwa wazi mbele yake.

"Hii ya jenereta si ya ndege," alisema. "Hii ni ya ofisi. Andika hiyo kurasa upya, uitoe."

Nikauandika upya. Nikaitoa jenereta. Kuku nikamwacha, na Mbugua hakusema chochote kuhusu kuku. Nilitoka nikijiona nimeshinda, na kumbe yeye ndiye aliyekuwa anaweka akiba.

Daktari Kiilu alimkuta kuku katonini siku hiyohiyo. Alisimama mlangoni, akavua miwani, akaipangusa, akasema, "Mama Tobias, mimi sijaona kitu." Stima ilirudi Jumanne, lakini hakuna aliyethubutu kumtoa kuku yule kwenye mayai. Mama Tobias alinyunyiza maji kwa vidole, asubuhi na jioni, na siku ya ishirini na sita tulisikia sauti ndogo ndani ya mayai. Vifaranga saba walianguliwa wazima. Mawili hayakuanguliwa.

Siku tatu zile zilikuwa za furaha, na sitazificha. Mama Tobias aliwawekea beseni la maji ya vidole viwili lenye kokoto, kwa sababu kifaranga wa bata aliyelelewa na kuku manyoya yake hayana mafuta ya mama, na akiingia maji mengi hulowa na kuzama. Vifaranga waliingia mle ndani wakichezacheza, na kuku akawa anazunguka ukingoni akipiga kelele kama mzazi aliyeona watoto wake barabarani. Ryan alimwita kuku huyo "Madam Presdaa", yaani rais. Hata Mbugua alikuja kupiga picha, ila alihakikisha kuku hatokei.

Siku ya nne bata bukini wawili walikutwa wamekufa kwenye bwawa la chini. Kesho yake wakafa watatu. Tajiri alikuja mwenyewe, kwa gari jeupe, akiwa amekunja uso, akataka kujua ni nani aliyeleta ugonjwa kwenye mali yake. Mbugua alifungua daftari, akaweka kidole juu ya jina lililoandikwa kwa herufi kubwa.

Tuliitwa ofisini mimi, Mama Tobias na Daktari Kiilu. Tajiri aliniuliza mimi kwanza.

"Huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu."

"Uliyoandika ni kweli?"

"Ni kweli."

Na ilikuwa kweli. Ningeweza kuongeza kwamba jenereta ilikuwa kavu, kwamba bila kuku yule tajiri angekuwa na mayai tisa mabovu, na kwamba bwawa la chini kuku hajawahi kulikaribia. Maneno yalikuwa mdomoni. Nilimtazama Daktari Kiilu ili aanze yeye, kwa kuwa ni mkubwa na ana cheo. Daktari alikuwa anatazama viatu vyake. Basi nami nikatazama vyangu. Tulikuwa watu wawili wasomi tunaotazama viatu.

"Ulisaini kwamba hufugi ndege," tajiri alimwambia Mama Tobias.

"Nilisaini."

"Ulidanganya."

"Nilidanganya. Lakini kuku wangu si mgonjwa. Mpimeni."

Kumpima kuku ni kumchinja na kupeleka viungo vyake maabara, pamoja na vya wale bukini. Yeye hakulijua hilo aliposema. Alilijua pale Daktari alipovaa glovu. Aliomba jambo moja tu, amshike mwenyewe, ili asiogope. Akamshika kifuani mwake akimsemesha kwa lugha ya mama yake, na ule uzi ulikuwa bado mguuni. Vifaranga saba walikuwa wanalia ndani ya boksi lenye taa ya joto, upande wa pili wa ukuta, tukiwasikia. Nilimchukia Mbugua, nikamchukia Daktari, na mimi mwenyewe nikajichukia kuliko wote.

Alifukuzwa siku hiyo. Alama zake zilifutwa, na majina yakasogezwa juu. Mimi niliyekuwa wa nne nikawa wa tatu. Wiki mbili baadaye nilipewa cheti mbele ya kamera, na barua yenye miezi mitatu ya majaribio. Mama yangu alipika chapati.

Majibu ya maabara yalichelewa mwezi mmoja. Yalifika asubuhi nikiwa peke yangu ofisini, kwa sababu kupanga faili nako kulikuwa kumekuwa kazi yangu. Nilisoma nikiwa nimesimama. Kuku hakuwa na ugonjwa wowote. Bukini waliuawa na sumu ya ukungu iliyokuwa kwenye mahindi ya chakula chao. Mahindi yale yalinunuliwa na Mbugua, kwa bei ya kutupa, kutoka ghala fulani lililovujiwa na mvua. Tulikuwa bado tumebakiza magunia mawili, na mchana huo nilimwona Mbugua akiyapakia kwenye pikapu bila kumwambia mtu.

"Weka kwa faili," aliniambia nilipompa karatasi.

"Si tumwambie Mama Tobias?"

"Tumwambie nini? Alisaini uongo. Hiyo haijabadilika."

Hapo alinikata kauli, kwa maana ni kweli alisaini uongo. Watu wa aina ya Mbugua hawakosi kaukweli kadogo ka kujifunikia.

Nilitoa nakala, na Jumapili baada ya kanisa nikaenda Reuben. Jirani yake alinielekeza kwenye banda la wauza kuku kando ya barabara ya kwenda viwandani. Nilimkuta amekaa juu ya kibao mbele ya sufuria kubwa ya maji yanayochemka, ananyonyoa. Manyoya yalikuwa yamemganda mikononi hadi viwiko. Alinyonyoa huku anaongea nami, bila kukoma, na aliyenyonyolewa akatupwa kwenye beseni, akachukuliwa mwingine.

"Karibu, Lydiah. Wako wangapi?"

"Saba. Wote wazima."

"Maji bado mnawapa kidogo?"

"Sasa wanaogelea. Manyoya yameota."

Aliitikia kwa kichwa. Siku za wiki, aliniambia, anaenda kwenye geti kwanza, na kidole kikimkosa ndipo anakuja hapa. Nilimpa karatasi. Alipangusa mikono kwenye sketi, akaisoma polepole, midomo ikicheza, mpaka mwisho. Nilingoja alie, au anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili, hata pole nilikuwa nimeifanyia mazoezi njiani.

"Hii mmeiandika kwa daftari?" aliuliza.

"Bado."

"Imefika lini?"

"Jumatano."

"Ya kuku uliandika siku hiyohiyo."

Alinirudishia karatasi, ikiwa imelowa, unyoya mmoja mweupe umenata pembeni.

"Kwa geti hawasomi karatasi," alisema. "Iandike pale uliponiandika. Hiyo tu." Akachukua kuku mwingine kwa miguu, akamtumbukiza kwenye maji ya moto.

Jumatatu nilifika kazini mapema kuliko wote. Nilifungua daftari kwenye ule ukurasa, nikalikuta jina lake pale kwa herufi zangu kubwa, na chini yake nafasi nyeupe ya mistari minne, ya kutosha kabisa. Kalamu nilikuwa nayo. Mbugua aliingia, akanisalimu, akaketi kwenye meza yake, akafungua gazeti. Barua yangu ilikuwa imebakiza wiki kumi za majaribio, na sahihi ya kunithibitisha ni yake.

Nilifunua hadi ukurasa wa siku hiyo. Nikaandika: Vifaranga saba. Wamekula vizuri. Maji yamebadilishwa. Nikalifunga daftari, nikaenda kunawa mikono kwa sabuni isiyo na harufu, kama tulivyofundishwa.